Kamati Imejaa, Kona Iko Wazi

Kuna watu wanaotembea wakisema kukimbia ni mchezo wa bei nafuu. Eti mpira unataka uwanja, ngumi zinataka ulingo, lakini mbio zinataka miguu tu, na miguu kila mtu kapewa bure na Mola wake. Wenye maneno hayo wana jambo moja linalowaunganisha: hawajawahi kuandaa mbio. Mimi nimeandaa, tena mbio za mtaa, na ninawaambia hivi: siku ya mbio, kukimbia ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mkimbiaji anaanza, anachoka, anafika, anapewa ndizi, anakwenda kulala. Mwandaaji hafiki popote.

Chanzo cha yote ni mwenyekiti wetu. Alikwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, zile mbio zinazokusanya watu tangu mwaka 2003, akakimbia zile kilometa 5 za kujifurahisha, akarudi na medali shingoni. Medali ile aliivaa dukani, akaivaa kwenye kikao cha shule, akaivaa msibani mpaka wazee wakamwomba aigeuzie mgongoni. Siku tulipoitana kujadili mtaro unaofurika kila mvua zikianza, alisimama akasema mtaa wetu nao unastahili mbio zake. Mtaro ukasahauliwa pale pale. Upo hadi leo, na masika unafanya kazi yake bila kamati.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Upande wetu huu wa Temeke hauna uhaba wa miguu. Jumapili alfajiri vikundi vya jogging vinapita vikiimba, filimbi mbele, bendera juu, vikiwaamsha hata wale waliolala saa kumi. Shule ya msingi ya mtaa nayo ina watoto wanaoandikia magotini kwa kukosa madawati. Basi tukakubaliana: mbio za hisani, kilometa 10 kwa wanaojiweza, kilometa 5 kwa wanaojaribu, na mzunguko mfupi wa watoto. Mapato yote yaende kwenye madawati. Makofi yakapigwa. Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na daftari.

Ukitaka kujua mtaa wako una viongozi wangapi, tangaza mbio. Kamati ya fedha ilijaa kabla sijamaliza kuandika kichwa chake. Kamati ya itifaki ilijaa ikamwagika. Kamati ya burudani ilipata wajumbe ambao sijawahi kuwaona mtaani, mmoja akiwa ameshakuja na spika zake. Tulikuwa na kamati ya kumpokea mgeni rasmi na, mbali na hiyo, kamati ya kumsindikiza mgeni rasmi, kana kwamba hao wa kwanza wakishampokea hawajui pa kumrudisha. Kisha nikauliza nani yuko tayari kuingia kamati ya barabara, yaani wale wa kusimama kwenye kona na kuwaelekeza wakimbiaji. Kikao kizima kikaanza kutafuta simu mifukoni. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Mwanangu, hilo andika tu kwamba litajulikana mbele ya safari." Nikaandika. Na kweli, lilijulikana mbele ya safari.

Jina nalo likala jioni nzima. Mwenyekiti alitaka mbio ziitwe marathoni. Mwalimu mstaafu wa michezo, mtu mwenye subira ya kufundisha hesabu darasa la tatu, akaeleza kwamba marathoni ni kilometa 42.195, urefu huo ulikimbiwa London kwenye Olimpiki ya 1908 na ukaja kupitishwa rasmi mwaka 1921. Zetu ni 10. Mwenyekiti akajibu kwamba hayo ni mambo ya London, na London wana treni. Kura zikapigwa, mwalimu akapata yake peke yake. Bango likaandikwa marathoni kwa herufi za kusomeka kutoka Mbagala. Matokeo yake tukampata mkimbiaji wa kweli kutoka Kibaha, mtu mwembamba mwenye saa mkononi, ambaye alimaliza kilometa zetu 10, akanywa maji nusu kikombe, akaniuliza kwa adabu mizunguko mitatu iliyobaki inapitia upande gani.

Niseme na habari ya kuipima hiyo njia, maana wengi wanadhani barabara inajijua urefu wake. Mbio zinazotambulika hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu. Baiskeli yenyewe kwanza inapitishwa kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa tepu ya chuma, ndipo inaaminiwa. Mpimaji hafuati katikati ya barabara. Anafuata mstari mfupi kuliko yote anaoweza kuufuata mkimbiaji mjanja, sentimeta 30 tu kutoka ukingo wa kona. Juu ya hapo anaongeza mita 1 kwa kila kilometa, ili njia ikosee kwa kuzidi na isikosee kwa kupungua. Na pamoja na ujuzi wote huo, wakubwa wanateleza. Kule Manchester, Uingereza, njia ya marathoni ya jiji ilikuja kugundulika kuwa ilipungua mita 380 kwa miaka mitatu mfululizo, 2013 hadi 2015, wakati maelfu ya watu walikwisha kutundika medali ukutani.

Sisi baiskeli ile hatukuwa nayo. Tulikuwa na simu. Simu ya mama mweka hazina ilisema kilometa 9.4. Simu ya kijana wa burudani ilisema 10.8. Simu ya mwenyekiti ilisema bando limekwisha. Tukakodi bodaboda ili tusome mita yake. Dereva akatupitisha njia nzima kwa mwendo wa kufukuzwa, akasimama, akatuambia mita ilikufa zamani, lakini kwa uzoefu wake hiyo ni njia ya elfu tatu na mia tano, na usiku ni elfu tano. Kikao kikalipokea jibu hilo kwa furaha kubwa, kwa sababu lilikuwa la kwanza ambalo kila mjumbe alilielewa.

Vibali navyo vina mbio zake. Barua ya mtaa ilitaka muhuri wa kata, barua ya kata ilitaka kiambatanisho, na kiambatanisho kilitaka barua. Niliandika "Kichwa cha habari hapo juu chahusika" mara nyingi mpaka nikaanza kukiota. Ofisi moja iliniomba nakala ya kibali, na kibali chenyewe ndicho nilichokuwa nimekwenda kukiomba. Nyingine, kila nikifika mhusika alikuwa ametoka kidogo. Koti lake lilikuwa kitini, nikalisalimu, nikaondoka. Hatimaye nikakutana na bwana mkubwa mmoja aliyesoma barua yangu yote kwa makini, akavua miwani, akauliza: "Hawa watu wote, katibu, wanamkimbia nani?" Nikamwambia ni hisani, mzee. Akatikisa kichwa, akagonga muhuri kwa huruma.

Sasa tuje kwenye fulana, maana huko ndiko mbio ziliko. Msidanganyike na habari za afya. Mtaa mzima ulijiandikisha kwa ajili ya fulana. Kwanza kulikuwa na rangi. Nyekundu ilipigwa vita na Yanga wote kwa kuwa ni Simba. Njano na kijani zilipigwa vita na Simba wote kwa kuwa ni Yanga, na kijani ikaongezewa kosa la kuwa na chama. Bluu ikaonekana ina Azam ndani yake. Tukaishia kwenye kijivu, rangi isiyo na klabu wala ilani, na aliyeivaa alionekana ametoka kuchanganya zege.

Kisha kulikuwa na wadhamini. Mdhamini wa mtaani anatoa katoni mbili za maji na kudai kifua kizima. Duka la vifaa vya ujenzi lilitaka nembo yake iwe juu ya jina la mbio. Saluni ilitaka namba ya simu isomeke kwa mbali. Muuza chipsi alitaka picha ya kuku. Fundi wa majeneza naye akaja na mchango mnono kuliko wote, akaomba mgongoni, chini kidogo ya namba ya mkimbiaji. Wajumbe wakatazamana. Akaambiwa nafasi zimekwisha, labda mwakani. Akasema si neno, yeye hana haraka na mtu.

Kisha vipimo. Waliojaza fomu walijaza ukubwa wanaoutamani, na siku ya kugawa walikuja na ukubwa walionao. Kuna mama alinijia na swali ambalo ndilo lililonifungua macho: "Baba, naweza kujiandikisha bila kukimbia, nikachukua fulana tu?" Nikamwuliza kwani hataki mazoezi. Akasema mazoezi anayo nyumbani, ana wajukuu watano. Walioonekana wakweli wa namna hiyo walikuwa wachache. Wengine waliuliza swali hilo hilo kwa kuchukua fulana na kutoonekana tena. Fulana zilipofika, kamati zilivaa kwanza, kisha jamaa za kamati, kisha majirani wa jamaa. Wakimbiaji waliobaki wakaambiwa wakimbie na walichonacho, muhimu ni moyo.

Ikabaki wiki ya mwisho, na kona bado ziko wazi. Njia yetu ilikuwa inapita kwenye lami, ikaingia vumbi, ikazunguka msikiti, ikapita nyuma ya kanisa, ikakata kwenye gereji, ikarudi kwenye uwanja wa shule. Kila mahali hapo panahitaji binadamu mwenye filimbi na kidole cha kuonyesha. Kazi hiyo haitaki shahada. Tatizo lake ni moja tu: kona haina kamera. Mgeni rasmi hapiti konani, mshereheshaji haiiti kona jukwaani, na hakuna aliyewahi kupigwa picha ya pamoja na kona. Niliowafuata nyumbani walinipa masharti. Mmoja alitaka posho ya kivuli. Mwingine alikubali kona ya msikiti mradi awe karibu na dada wa chapati. Kona ya gereji, ambayo ndiyo ya hatari kwa sababu njia mbele yake inaendelea wima mpaka sokoni, alipewa shemeji yake mwenyekiti. Aliapa. Alisema, "Katibu, hapo kwangu hata nzi hapotei."

Siku yenyewe tulipanga kuanza saa 12 asubuhi, na kwa hilo nilikuwa na sababu. Jua la Dar es Salaam halina mazungumzo. Likifika saa mbili limeshaingia kwenye mifupa, na jasho lenyewe halikauki kwa ule unyevu wa pwani. Ndiyo maana mbio za nchi za joto huanza watu wakiwa bado na tongotongo. Saa 12 wakimbiaji walikuwepo. Namba zilikuwepo. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Saa 12 na nusu alikuwa njiani. Kumbe njia hiyo ilikuwa inaanzia kitandani.

Ili watu wasichoke kusubiri, kamati ya burudani ikawachosha kwa makusudi. Ikapigwa singeli, muziki wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mshereheshaji akaamuru kila mtu apashe misuli. Misuli ilipashwa mpaka ikaiva. Kuna kijana alicheza kwa saa nzima, akashangiliwa, akapewa soda, akarudi nyumbani akiamini ameshakimbia. Mgeni rasmi akashuka saa moja na nusu, akasema hatasema mengi, akasema mengi. Akaeleza faida za mazoezi kwa watu waliokuwa wamesimama juani na namba vifuani. Kisha akapuliza filimbi, akakimbia nao hatua zisizofika ishirini hadi pale mpiga picha alipokuwa, akaingia garini.

Mbele ya kundi vijana walitoka kwa kasi ya kuibiwa. Hii ni nchi ya Filbert Bayi, na naheshimu urithi huo. Bayi alitangulia tangu mwanzo mpaka mwisho kule Christchurch mwaka 1974, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Lakini vijana wetu wameshika nusu ya somo, ile ya kutoka mbio. Waliivuka nguzo ya pili ya umeme wakiwa Bayi, na kufika ya tano walikuwa wameinama, mikono magotini, wakisoma maandishi ya raba zao.

Waliobaki wakaikaribia kona ya gereji. Kona ilikuwa pale. Shemeji hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye supu, na filimbi ikiwa kando ya bakuli. Ujue mkimbiaji akishapata joto hafikiri, anafuata mgongo ulio mbele yake. Mgongo wa kwanza ukaenda wima, na migongo mingine yote ikaufuata, ikatokea sokoni. Wauza nyanya wakadhani ni operesheni, wakakusanya meza zao. Bodaboda wakajiunga kwa mshikamano. Ilichukua muda mpaka mtu mmoja akapata akili na kuuliza mwenye genge kama marathoni inapita hapo. Mama mmoja alifika mwisho na mafungu mawili ya mchicha, akasema kwa kuwa wamempitisha sokoni, aliona amalize na la nyumbani.

Kikao cha tathmini kiliniuliza imekuwaje. Nikawapa mfano wa Bangkok. Mwaka 2015 waandaaji wa mbio kubwa kule walikosea mahali pa kugeuzia, na waliojiandikisha kwa nusu marathoni, kilometa 21, wakajikuta wamekimbia takriban 6 za ziada bila kuzilipia. Mji wenye treni za juu, wenye wadhamini wa kimataifa, ulipotea kwa sababu ya kona moja. Wajumbe wakafarijika mno, wakapendekeza tuandike kwenye ripoti kwamba tumefikia kiwango cha Bangkok.

Kwenye mgeuzo wa mbali tuliweka mtu wa kugawa vile vimipira vya kufungia noti, kila anayegeuka anavaa kimoja mkononi, ili asije mtu akakatiza vichochoro na kudai ushindi. Njia hiyo ni ya zamani na ni nzuri. Isipokuwa mtaani kwetu, baada ya nusu saa, vimipira vilikuwa vinauzwa jero karibu na uwanja wa shule, na kulikuwa na punguzo kwa anayechukua viwili. Akatokea na bwana mmoja aliyeshika nafasi ya nne akiwa mkavu kabisa, nywele zimelala nyuma kwa upepo, na alama ya helmeti kwenye paji la uso. Tulipomhoji alisema ana mwili usiotoa jasho. Sikumshangaa. Kwenye Olimpiki ya 1904 kule St. Louis, Marekani, Fred Lorz alichoka katikati ya marathoni, akapanda gari kilometa nyingi, akashuka, akaukimbilia mstari wa mwisho na kushangiliwa kama bingwa hadi ukweli ulipojulikana. Mtaa wetu haukubuni chochote. Sisi tulibadilisha gari tu.

Kuhusu muda, afadhali nisingekumbushwa. Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza kilometa 42 na ushee sambamba na Mjerumani Amanal Petros, wote kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na mitambo ikawatenganisha kwa sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Sisi mtunza muda wetu alikuwa na simu moja. Wakati wa kwanza na wa pili wanaukaribia mstari, mke wake akampigia kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi. Alipokea. Kwa heshima ya ndoa siwezi kumlaumu, ila saa ilipotea, na mshindi akaamuliwa kwa sauti. Upande wa mshindi wa pili ulikuwa na shangazi wengi zaidi, kwa hiyo akawa wa kwanza.

Yote hayo nayacheka. Ila kuna moja nisilolicheka. Wakimbiaji wa mwisho, mama wa makamo na babu mmoja aliyevaa makubazi, walifika wakakuta viti vinapakiwa kwenye Kirikuu. Utepe ulikuwa umefungwa, maji yamekwisha, ndizi zimekwisha, na medali zilizobaki zilikuwa kwenye shingo za kamati ya itifaki. Mshereheshaji alikuwa anahesabu nyaya zake. Na hii ndiyo nchi ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea na goti lililofungwa bandeji, akaingia uwanjani giza likiwa limeshatanda, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Dunia imewasahau wengi waliomtangulia siku ile, na yeye bado inamtaja. Sisi, warithi wake, tulishindwa kuacha viti viwili.

Yule mwalimu mstaafu alivua medali aliyopewa kwa ajili ya kuhudhuria, akamvisha mama. Babu akasema yeye hahitaji medali, anauliza tu kama fulana zimebaki.

Mahesabu yakaja. Tenti, spika, mgeni rasmi na msafara wake wa chai, fulana za waliokimbia, fulana za wasiokimbia, na kifungu kilichoandikwa "mengineyo" ambacho mama mweka hazina alikisoma haraka kuliko vingine. Kilichosalia kilinunua madawati ya mstari mmoja wa mbele. Watoto wa mstari huo wamefurahi, na mwalimu wao anasema sasa ugomvi wa kuwahi shule umeongezeka, jambo ambalo kamati iliingiza kwenye ripoti chini ya "mafanikio".

Mwakani wanataka kilometa 21. Kamati mpya imeshaundwa, ina wajumbe wengi kuliko wakimbiaji tuliokuwa nao, na mwenyekiti amependekeza kamati ya kusimamia kamati. Nimekubali kuwa katibu tena kwa sharti moja, na nimelitaka liandikwe kwa wino: hakuna atakayeshika fulana kabla hajashika kona. Mwenye cheti, mwenye cheo, shemeji, mjomba, wote waanzie barabarani na filimbi, na hakuna kuondoka konani mpaka mkimbiaji wa mwisho kabisa apite. Hotuba zisomwe baada ya hapo, kwa watakaokuwa bado wana nguvu ya kusikiliza.

Nawe msomaji, mtaa wako ukipatwa na homa hii, nao utapatwa, usiulize mgeni rasmi ni nani wala fulana ni za rangi gani. Uliza kona zipo ngapi na nani anasimama wapi. Ukijibiwa kwamba litajulikana mbele ya safari, shika kona moja wewe mwenyewe, kunywa supu yako kabla ya kufika, na ubaki hapo mpaka babu wa makubazi apite.